Kambi Saadani: Panga Safari kwa Mwezi na Mvua

Wengi wetu hupanga safari za familia kwa kufuata sikukuu. Pasaka ikikaribia tunapakia gari, tunaaga majirani, tunaondoka. Kwa Saadani mpango huo huharibika mara nyingi, kwa sababu Pasaka huangukia ndani ya masika au mlangoni mwake, na barabara ya udongo inayokwenda hifadhini hugeuka tope linalomeza gurudumu. Hata wakati wa kiangazi, atakayeteremka ufukweni saa nne asubuhi siku za mwezi mwandamo atakuta bahari imekupwa mbali, mbele yake kumebaki mchanga uliolowa na matope. Atarudi nyumbani akiwaambia watu kwamba Saadani hakuna pa kuogelea, na wenziwe watamwamini.

Nimeandika makala haya ili usirudi na habari hizo. Saadani ina mabwana wawili, mvua na maji ya bahari. Ukishajua saa zao, mengine yote ni maandalizi ya kawaida ya mtu anayekwenda kulala nje.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko kati ya Bagamoyo na Pangani, ikitazamana na Unguja ng'ambo ya mkondo. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 1,000. Lilikuwa pori la akiba tangu 1969, kisha likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, likiunganishwa na ardhi ya iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja upande wa kaskazini na msitu wa Zaraninge upande wa bara. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Kwa siku moja unaweza kutembea chini ya miti mirefu asubuhi, kupita mbuga yenye twiga mchana, na kukaa mchangani jioni ukinywa chai.

Ila nenda ukijua unachokifuata. Wanyama wa Saadani ni wachache kuliko wa Serengeti au Mikumi, na ni waoga zaidi. Kuro, tohe, ngiri, kongoni, nyati na twiga utawaona bila taabu. Tembo wapo, lakini hupenda kujificha msituni. Simba wapo pia, na wengi huondoka bila kuwaona. Anayekuja kuhesabu simba atavunjika moyo. Anayekuja kulala pwani yenye msitu nyuma yake, asikie komba wakilia usiku na aamke akute nyayo za kuro kwenye mchanga hatua chache kutoka majini, huyo atafurahi.

Kwanza mvua

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Sehemu kubwa ya mbuga za Saadani ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu na mvua ikinyesha huvimba na kunata. Gari lenye nguvu ya magurudumu manne huzama humo vilevile, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo linavyozidi kushuka. Baadhi ya njia za ndani hufungwa kabisa. Vuli ya Novemba na Desemba ni nyepesi zaidi, lakini mvua moja kubwa ya usiku inaweza kukuzuia kambini siku nzima.

Wakati mzuri kwa mtu wa hema ni Juni hadi Oktoba. Nyasi zimepungua, njia zimekauka, joto ni la kuvumilika, na wanyama husogelea maji yaliyobaki. Tatizo la miezi hiyo ni kusi. Huu upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, bahari ikachafuka na hema dhaifu likang'oka. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, pia kunakauka, lakini joto la mchana ni kali na usiku ndani ya hema hakuna hewa. Mwenye watoto wadogo ningemshauri Septemba au mwanzoni mwa Oktoba: kusi limepoa na vuli haijaanza.

Kisha mwezi

Watu wa pwani hawahitaji jedwali la maji. Wanahesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15, kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita tatu na zaidi. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 ni maji mafu, bahari hupanda na kushuka kidogo tu.

Saa nazo zina mpangilio. Siku za bamvua katika mwambao wa Bagamoyo, Saadani na Unguja, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena kama saa kumi jioni, na kupwa kwake huwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo wiki ya maji mafu hali hugeuka: maji hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni.

Hesabu hii ndiyo inayoamua ratiba yako yote. Pwani ya Saadani ni bapa, hivyo maji yakikupwa hurudi nyuma sana. Ukitaka kuogelea mchana, chagua siku za katikati, wakati maji yanajaa kati ya saa tano na saa nane. Ukitaka kutembea ufukweni na watoto, kutazama kaa na ndege wanaochokoa matopeni, bamvua ya asubuhi ni nzuri, mradi mgeuke kurudi mapema. Kwenye ardhi bapa bahari hurudi kwa kasi kuliko anavyodhani mgeni, na huanza kwa kujaza vijito vilivyo nyuma yenu kabla ya kuwafikia mlipo.

Usitegemee maji ya kijani kibichi kama ya Nungwi kule Unguja. Mto Wami unamwaga udongo wake hapa, na bahari huwa na rangi ya chai ya maziwa, hasa baada ya mvua. Tope hilohilo ndilo linalolisha mikoko, na mikoko ndiyo inayowalea kamba ambao wavuvi wa eneo hili wanawategemea. Ukiwa karibu na mdomo wa Wami usiingie majini kabisa. Kuna mamba na viboko. Ogelea tu pale ambapo askari wa hifadhi au wenyeji wamekuonyesha, na unapoingia buruta miguu chini badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani akimbie kabla hujamkanyaga. Aliyechomwa na taa awekwe mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, kwa muda mrefu, maana joto hupunguza nguvu ya sumu. Kisha apelekwe kwa mganga hospitalini, kwani mwiba hukatikia ndani.

Njia na malipo

Kwa wanaotoka Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, njia iliyozoeleka ni kupita Chalinze, kushika barabara ya Segera, kisha kukunja kulia Mandera na kuelekea Miono mpaka geti la Mvave. Kutoka Mandera hadi kijiji cha Saadani ni kama kilomita 60. Wanaotoka Tanga hupita Pangani na Mkwaja. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga inajengwa kwa vipande, kwa hiyo piga simu hifadhini kabla ya kuamua njia, usisikilize habari za mwaka jana. Jaza mafuta Chalinze au Bagamoyo, tena jaza hasa.

Hifadhi iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Malipo ya kiingilio, kambi na gari hufanywa kwa namba ya malipo, kupitia benki au simu. Usibebe fedha taslimu ukitarajia kulipa getini. Mtanzania hulipa sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje, lakini lazima athibitishe uraia, hivyo kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Uliza pia kibali chako kinaanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi, maana ukipitiliza utalipia tena.

Nasisitiza jambo la bei kwa sababu bado kuna watu wanaoamini hifadhi ni za wageni. Si kweli. Familia iliyobeba hema, sufuria na mchele wake inaweza kukaa Saadani siku mbili kwa gharama ambayo haifiki hata nusu ya harusi moja ya kuchangishana. Walimu wanaopeleka wanafunzi wazungumze na ofisi ya hifadhi mapema. Kuna malazi ya makundi, na safari ya aina hii inamfundisha mtoto jiografia ambayo ubao hauwezi.

Kusimamisha hema

Kuna kambi za wazi zinazotumiwa na wengi na kambi maalumu zinazohitaji kuombwa mapema. Baadhi ziko ufukweni, nyingine upande wa bara na wa mto. Anayelala nje kwa mara ya kwanza akae kambi ya wazi, penye choo na watu wengine.

Fika kabla ya saa kumi jioni. Kupiga hema gizani ndiko kunakozaa makosa mengi. Ukiwa ufukweni tafuta mstari wa majani, vijiti na takataka ambao bahari imeuacha mchangani: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Kama leo ni maji mafu na keshokutwa bamvua linakaribia, mstari huo ni wa uongo, kwa sababu maji yatapanda kuupita. Tafuta mstari wa juu zaidi, uliokauka na kupauka, kisha weka hema nyuma yake. Usilale chini ya mnazi wenye nazi. Usilale pia kwenye njia iliyochongwa na wanyama, hata kama ni tambarare na safi. Imekuwa tambarare na safi kwa sababu kila usiku kuna wanaoipita.

Mambo za hema hazishiki kwenye mchanga mkavu. Utazipigilia, zitasimama vizuri, na upepo wa saa nane usiku utaziondoa moja baada ya nyingine. Chimba shimo la urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, funga kamba katikati ya mambo, ilaze humo kwa upana, fukia, kanyaga. Mfuko wa turubai uliojazwa mchanga unafanya kazi ileile. Mlango wa hema uutazamishe mbali na upepo, na kamba zote zikazwe tena kabla ya kulala kwa sababu umande wa bahari huzilegeza.

Chakula chote kikae ndani ya gari, milango imefungwa na vioo vimepandishwa. Hapa sisemi kwa mazoea tu. Nyani na tumbili hufungua zipu, na fisi hutafuna hata kiatu chenye harufu ya nyama. Matunda ndiyo ya kuangalia zaidi: tembo hunusa machungwa na ndizi kutoka mbali, na kitambaa cha hema si kizuizi kwake. Mtoto asilale na embe mfukoni.

Maji ya kunywa njoo nayo. Lita tano kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa na kupika. Ya kuoga na kuosha vyombo ni hesabu nyingine. Njoo na mkaa au jiko la gesi, kwa sababu kukata na kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi, na mkoko uliokauka ambao unaonekana hauna mwenyewe bado unazuia ufuko kumomonyoka. Moto uwashwe mahali palipotengwa tu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi funga vitu kwenye vikapu na makopo.

Usiku usitembee. Ukibanwa, amka na mwenzio, mulika pande zote kwanza, na ukiona macho yanayong'aa baki ndani. Viboko hutoka mtoni kula nyasi gizani, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini ni hatari kuliko simba aliyeshiba. Askari wakikuambia usiku huu msitoke, msitoke.

Wadudu wanahitaji aya yao. Mbu wapo, na pwani hii ina malaria; chandarua ndani ya hema, nguo za mikono mirefu kuanzia magharibi, na ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, kapime. Karibu na mikoko kuna visubi, wadogo hata wapenye wavu wa kawaida, ambao huuma jioni upepo unapotulia. Mchana kuna mbung'o. Ranchi ya Mkwaja ilikuwa na maelfu ya ng'ombe, na ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o ulikuwa miongoni mwa yaliyoishinda mpaka ikafungwa mwaka 2000. Inzi hawa huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, na hufukuza gari linalokwenda. Vaa kaki, rangi ya mchanga au kijani kilichopauka, na pandisha vioo mnapopita vichakani.

Msituni na mtoni

Zaraninge ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeenea katika mwambao wa Afrika Mashariki na ambayo leo imebaki vipande vipande. Msitu huu uko juu ya uwanda wa Kiono, mbali na ufukwe, na wageni wengi hawaufikii kwa sababu hawakupanga siku yake. Upangie asubuhi nzima. Unatembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha, kwa kibali kinacholipiwa peke yake. Ndani kuna baridi ya kivuli, mizabibu mwitu imening'inia, na mbega husikika kabla ya kuonekana. Nenda polepole na simama mara kwa mara. Anayekwenda haraka msituni huona migongo ya wenzake tu. Vaa viatu vilivyofunika vidole na soksi juu ya suruali, kwa ajili ya siafu na kupe.

Safari ya boti kwenye Wami ni jambo ambalo nisingeliacha hata kama muda ni mfupi. Viboko, mamba waliojianika kingoni, furukombe juu ya miti, mdiria wakipiga mbizi. Karibu na bahari mwulize mwendesha boti akuonyeshe tofauti ya miti: mkoko wenye mizizi ya kujipinda iliyosimama kama miguu ya meza, mchu unaochomoza vijiti vingi vya kupumulia matopeni, mkandaa uliotoa rangi ya kutia ngozi tangu zamani. Saa ya kuondoka huamuliwa na maji, kwa hiyo ulizia siku moja kabla, na kila abiria, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kuokolea.

Ufuko wa Madete, kaskazini, ni mahali ambapo kasa wa kijani hutaga. Jike hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai mia moja au zaidi, hufukia, hurudi baharini. Vifaranga hutoka baada ya takriban miezi miwili na huelekea penye mwanga zaidi, ambapo kwa asili ni upeo wa bahari. Tochi yako, moto wako na taa za gari huwapoteza wakaelekea bara na kufa. Kwa hiyo usiendeshe gari kwenye mchanga kamwe, usiwashe moto karibu, na ukikutana na jike anayetaga kaa nyuma yake, mbali, kimya, bila mwanga wala picha ya kumulika. Ukiona nyayo zake pana mchangani asubuhi, mjulishe askari, usifukue kutazama. Wenzetu vijijini wamejitahidi kwa miaka mingi kulinda viota hivi. Mgeni wa siku mbili asiwe ndiye anayevivunja.

Kijiji cha watu

Saadani ilikuwa kijiji kabla ya kuwa hifadhi, na watu wake bado wanaishi humo. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara ikitazamana na Unguja, ikipitisha pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, Abushiri aliongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na hapa Saadani alikuwapo Bwana Heri bin Juma, ambaye aliendelea kupigana hata baada ya Abushiri kunyongwa Pangani Desemba 1889. Magofu na makaburi ya zamani yapo. Mwombe mzee wa kijiji akutembeze, umlipe ujira wake, na usipande juu ya kuta.

Ingia kwa adabu: shikamoo kwa wakubwa, hodi mlangoni, nguo za kuogelea zibaki ufukweni, na kanga begani unapopita penye msikiti. Usipige picha watu au majahazi yao bila ruhusa. Nunua samaki na kamba kwa wavuvi wanapoteremsha, na mboga dukani kijijini; fedha hiyo ndiyo inayomfanya jirani wa hifadhi aone faida ya kuwa na wanyama wanaomlia mahindi. Ukipita mashamba ya chumvi, angalia kwenye maji, maana heroe hutua huko wakati mwingine.

Siku ya kuondoka anza mapema. Mwagia makaa maji mpaka yapoe kiasi cha kushikika kwa mkono. Kuyafukia na mchanga huyaacha hai, na mtoto atakayekimbia hapo kesho ataungua. Taka zote zirudi na wewe mpaka mjini. Osha sehemu ya chini ya gari kwa maji baridi ukifika, chumvi ya pwani haisamehi chuma. Mwendo ndani ya hifadhi usizidi kilomita 50 kwa saa, hata kama unachelewa. Na kama usiku umesikia ngurumo upande wa bara, piga simu geti la Mvave kuulizia barabara kabla hujakunja hema.